William Harvey (1578–1657): Tabibu Aliyeuhesabu Moyo

Wahenga walinena kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni methali ambayo kila mwanafunzi wa Kiswahili huikariri tangu madarasa ya chini, na yapo mazingira mengi ambamo hekima yake haikanushiki. Hata hivyo, historia ya taaluma imeshuhudia wakati ambapo la mkuu lilisikika, likaheshimiwa na kunakiliwa kwa takriban karne kumi na nne, ilhali halikuwa kweli. Mkuu huyo alikuwa Galen, tabibu wa Kigiriki wa karne ya 2, na jambo lenyewe lilihusu moyo wa binadamu. Aliyethubutu kulipima la mkuu huyo, pasi na kumvunjia heshima, alikuwa Mwingereza mfupi wa kimo aliyeitwa William Harvey. Maisha yake yanastahili kusomwa si na madaktari pekee bali na yeyote aketiye mbele ya mwalimu akiwa na daftari mkononi.

Ili kuifahamu kazi ya Harvey, sharti kwanza kuyafahamu yale aliyoyakuta. Galen alifundisha kwamba chakula kilichosagwa tumboni kilipelekwa kwenye ini, na huko kikageuzwa kuwa damu. Damu hiyo ilisambazwa na vena hadi kwenye kila kiungo, nacho kiungo kikainywa kama shamba linavyonywa maji ya mfereji. Haikurudi tena. Sehemu ndogo ya damu hiyo ilidhaniwa kupenya katika matundu yasiyoonekana kwenye ukuta unaoutenga upande wa kulia wa moyo na ule wa kushoto. Ikishapenya, ilichanganyika na kitu cha hewa kutoka mapafuni, ikatiwa roho ya uhai, kisha ikachukuliwa na ateri. Mwili basi ulikuwa na damu za namna mbili, kila moja na njia yake, na ini lilikuwa na kazi ya kutengeneza damu mpya siku nenda siku rudi.

Mafunzo haya yalienziwa kwa Kigiriki, yakatafsiriwa kwa Kiarabu na Kilatini, na hatimaye yakawa kama kiapo. Mwaka 1559 Chuo cha Matabibu cha London kilimlazimisha daktari John Geynes kuikana kauli yake kwamba Galen aliwahi kukosea. Geynes aliikana. Katika chuo hichohicho, miaka 48 baadaye, Harvey angepokewa kuwa mwanachama.

Mwana wa Folkestone

Harvey alizaliwa tarehe 1 Aprili 1578 katika mji wa Folkestone, kwenye pwani ya Kent, kusini mashariki mwa Uingereza. Alikuwa kifungua mimba wa Thomas Harvey na mkewe Joan. Baba yake alikuwa mtu wa mali na heshima aliyewahi kuwa meya wa mji huo. Wadogo zake kadhaa walikuja kuwa wafanyabiashara wakubwa jijini London, wakanunua na kuuza bidhaa za nchi za mashariki ya Mediterania. William ndiye aliyeelekea kwenye utabibu.

Akiwa na umri wa miaka kumi alipelekwa katika shule ya King's mjini Canterbury, na mwaka 1593 akajiunga na chuo cha Gonville and Caius katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Chuo hicho kilikuwa na upekee uliomfaa kijana huyu. Mfadhili wake, daktari John Caius, alikuwa amekipatia idhini ya kupokea kila mwaka maiti mbili za wahalifu walionyongwa ili zipasuliwe kwa ajili ya mafunzo. Harvey alihitimu shahada yake ya kwanza mwaka 1597. Karne ya 16 ilipokuwa ikielekea ukingoni, alifunga safari hadi Padua, mji wa Italia uliokuwa chini ya utawala wa Venice, ambao chuo kikuu chake kilisifika kote Ulaya kwa taaluma ya utabibu.

Padua na Mwalimu wa Vijilango

Chuo kikuu cha Padua kiliwapokea vijana wa mataifa na madhehebu mbalimbali. Wanafunzi walijipanga katika vyama kulingana na nchi walikotoka, na vyama hivyo vilikuwa na sauti katika uendeshaji wa chuo. Harvey alichaguliwa kuwakilisha wanafunzi Waingereza. Katika miaka hiyohiyo Galileo alikuwa akifundisha hisabati katika chuo hicho.

Mwalimu aliyeacha alama kubwa zaidi kwa Harvey alikuwa Hieronymus Fabricius. Alifundishia katika jumba la upasuaji lililojengwa miaka michache tu kabla ya kuwasili kwa Harvey, nalo lingali limesimama hadi leo. Lilikuwa jumba la mbao lenye ngazi sita za mviringo zilizopanda juu kama ukuta wa kisima. Wanafunzi walisimama wima kwenye ngazi hizo, wakainama juu ya ukingo na kutazama chini, mahali ambapo maiti ililazwa mezani chini ya mwanga wa mishumaa.

Hapo ndipo Fabricius alipowaonyesha wanafunzi wake kitu alichokichunguza kwa miaka mingi, yaani vali zilizomo ndani ya vena. Zilikuwa vijilango vidogo vya utando, vilivyopangika kwa nafasi katika mishipa ya mikono na miguu. Mwalimu alivichora kwa ustadi na kuchapisha kitabu juu yake mwaka 1603. Hata hivyo, kwa kuwa aliamini pamoja na Galen kwamba damu husafiri kutoka ini kwenda nje, alieleza kwamba vijilango hivyo vipo ili kuipunguza kasi damu, isije ikamiminika yote miguuni na kuviacha viungo vya juu vikiwa na njaa. Macho ya Fabricius yaliona sawasawa. Kilichompotosha ni jibu alilokuwa nalo kabla ya kutazama.

Harvey alitunukiwa shahada ya udaktari tarehe 25 Aprili 1602, akarejea Uingereza. Hakuondoka na jibu jipya bali swali moja ambalo halikuacha kumkereketa: ikiwa kijilango kimeelekea moyoni, damu itapitaje kuelekea mikononi?

Waliotangulia

Ingekuwa dhuluma kumsawiri Harvey kana kwamba aliibuka peke yake gizani. Mwaka 1242, yaani zaidi ya karne tatu kabla hajazaliwa, tabibu Mwarabu Ibn al-Nafis, mzaliwa wa Sham aliyefanya kazi Kairo, alikuwa amefafanua maandishi ya Ibn Sina kuhusu muundo wa mwili. Humo alitamka bayana kwamba ukuta wa kati wa moyo ni mnene na hauna tundu lolote. Damu ya upande wa kulia, alieleza, haina budi kupitia mapafuni ili iufikie upande wa kushoto. Maelezo hayo yalifunikwa na vumbi la maktaba hadi mwaka 1924, daktari wa Misri Muhyi al-Din al-Tatawi alipoupata mswada wake mjini Berlin.

Barani Ulaya, Andreas Vesalius, ambaye naye alifundisha Padua, alitia shaka juu ya matundu ya Galen katika toleo la mwaka 1555 la kitabu chake kikuu. Michael Servetus alieleza safari ya damu kupitia mapafuni ndani ya kitabu cha dini, na mwaka 1553 akachomwa moto mjini Geneva kwa sababu ya itikadi zake kuhusu Utatu. Realdo Colombo aliieleza safari hiyo upya katika kitabu kilichotoka mwaka 1559. Hivyo basi, kipande cha mapafu kilikuwa kimekwisha kujulikana kwa wachache. Lisilojulikana lilikuwa umbo zima la safari, yaani kwamba damu yote hutoka na kurudi, daima dumu, katika duara lisilo na mwisho.

Mchana Wodini, Usiku Mezani

Mwaka 1604 Harvey alimwoa Elizabeth Browne, binti ya tabibu aliyemhudumia Malkia Elizabeth wa Kwanza. Ndoa yao haikujaliwa watoto. Katika maandishi ya Harvey, mkewe hujitokeza kupitia kasuku wake aliyependa kukaa mapajani na kuimba. Kwa uimbaji wake ndege huyo alidhaniwa kuwa dume, hadi alipokufa na Harvey kumpasua, akamkuta na yai tumboni. Hata kipenzi cha nyumbani hakikuzikwa kabla ya kuulizwa maswali.

Mwaka 1607 alikubaliwa kuwa mwanachama kamili wa Chuo cha Matabibu. Mwaka 1609 alipata wadhifa katika hospitali ya Mtakatifu Bartholomayo, ambako aliketi ukumbini kuwahudumia maskini wa London. Mwaka 1615 aliteuliwa kutoa mihadhara ya Lumley kuhusu anatomia na upasuaji, na wa kwanza aliutoa katikati ya Aprili 1616, siku chache kabla ya kifo cha Shakespeare. Kumbukumbu alizojiandikia kwa ajili ya mihadhara hiyo zimehifadhiwa hadi leo. Zimeandikwa kwa mwandiko unaowatoa jasho wasomaji, na lugha yenyewe ni Kilatini kilichochanganywa na Kiingereza. Kilatini kilikuwa lugha ya taaluma, lakini wazo lilipomjia upesi, Harvey alilinasa kwa lugha aliyonyonya nayo.

Baada ya kazi za mchana alirudi kwenye meza yake ya upasuaji. Ugumu mkubwa uliomkabili ulikuwa kasi ya moyo. Katika mbwa aliye hai, moyo hujibana na kulegea upesi mno hata jicho lisiweze kutofautisha mwanzo na mwisho, na Harvey mwenyewe alikiri kwamba alikaribia kukata tamaa na kumwachia Mungu peke yake elimu ya jambo hilo. Ndipo alipogeukia viumbe wenye damu baridi: chura, nyoka, samaki, konokono. Mioyo ya viumbe hawa hupiga polepole. Vivyo hivyo alitazama wanyama wakubwa walipokaribia kukata roho, pale ambapo mapigo huzidi kuchelewa. Uchunguzi huo uliwagharimu wanyama wengi maumivu ambayo msomaji wa leo hawezi kuyapuuza, na Harvey hakuyaficha katika maelezo yake.

Aliyoyaona yaligeuza juu chini mafundisho ya awali. Wengi waliamini kwamba moyo hufanya kazi unapotanuka na kuvuta damu ndani. Harvey aliona kwamba moyo ni msuli, na kazi yake huifanya unapojibana: hukakamaa, hukwajuka rangi na kuitoa damu kwa nguvu. Mpwito unaosikika kwenye kifundo cha mkono ni wimbi la msukumo huo tu. Aliona pia kwamba vyumba viwili vya juu hujibana kwanza, kisha viwili vya chini hufuata. Chumba cha chini cha kulia huisukuma damu hadi mapafuni, na kile cha kushoto huisukuma katika aorta, ateri kuu inayoigawa damu mwili mzima. Vali zilizomo kwenye milango ya vyumba hivyo hufunguka upande mmoja pekee.

Hesabu ya Nusu Wakia

Hata hivyo, kuona peke yake hakukutosha kuuthibitisha mzunguko. Hapa ndipo Harvey alipofanya jambo ambalo waliomtangulia hawakulifanya: aliuliza ni damu kiasi gani. Katika maiti alikuwa ameona kwamba chumba cha chini cha kushoto kinaweza kubeba zaidi ya wakia mbili za damu. Ili asituhumiwe kutia chumvi, alijipunja mwenyewe. Tuseme, alieleza, kwamba kila pigo hutoa nusu wakia tu. Tuseme pia kwamba moyo hupiga mara 1,000 tu kwa nusu saa, ingawa katika watu wengi hupiga mara mbili yake au zaidi. Jumla yake ni wakia 500, yaani zaidi ya kilo 14 za damu kwa nusu saa.

Je, ini lingeweza kutengeneza kilo 14 za damu kwa nusu saa? Ni chakula kipi kingetosha? Na damu hiyo ingekwenda wapi bila kuipasua mishipa? Kila mchinjaji alijua kwamba ng'ombe mzima aliyekatwa koo huishiwa na damu yake yote kwa muda usiofika hata nusu ya huo. Mwili wa mtu mzima una damu ya takriban lita 5 tu. Hapakuwa na njia nyingine ila kukubali kwamba damu inayotoka ndiyo inayorudi. Leo hii inajulikana kwamba moyo wa mtu aliyetulia husukuma takriban lita 5 kila dakika. Harvey alikuwa amekadiria chini mno, na bado hesabu ikatosha kumwangusha Galen.

Kwa wasiopenda hesabu, alitoa ushahidi ambao mtu yeyote angeweza kuujaribu kwa kitambaa. Mkono ukifungwa kwa kukazwa sana juu ya kiwiko, mpwito hukoma na kiganja hupoa, kwani ateri, ambayo imezama ndani ya nyama, imezibwa. Kitambaa kikilegezwa kidogo, damu huingia kiganjani kupitia ateri, lakini vena zilizo karibu na ngozi zingali zimebanwa, nazo hufura chini ya kitambaa. Kiganja huwa chekundu na kujaa. Damu basi huja kwa ateri na kurudi kwa vena.

Hatimaye alirudi kwenye vijilango vya mwalimu wake. Katika mkono uliofungwa hivyo, vali huonekana kama vifundo katika vena zilizofura. Harvey alibonyeza vena kwa kidole kimoja na kwa kingine akaisukuma damu kuelekea juu hadi kupita kifundo. Kipande cha vena kilibaki kitupu, na damu ya juu haikurudi kukijaza ijapokuwa aliisukuma. Alipokiinua kidole cha chini, damu ilipanda mara moja. Vijilango havikuwepo ili kupunguza kasi bali ili kuzuia kurudi nyuma. Picha pekee zilizomo kitabuni mwake ni za mikono hiyo iliyofungwa kitambaa, na ushahidi wake mkuu uliegemea kitu alichoonyeshwa na Fabricius mwenyewe. Mwanafunzi hakumtupa mwalimu. Alikitumia alichopewa hadi kikasema ukweli wake.

Kitabu cha Kurasa 72

Kawia ufike, walinena wahenga. Harvey alikuwa amewaonyesha wenzake chuoni ushahidi wake kwa zaidi ya miaka tisa kabla ya kuuchapisha. Kitabu kilitoka mwaka 1628 mjini Frankfurt kwa Kilatini, kikihusu mwendo wa moyo na damu katika wanyama. Kilikuwa na kurasa 72 tu na kilijaa makosa ya uchapaji, kwani mchapaji alikuwa mbali na mwandiko wa mwandishi haukusomeka kwa urahisi. Alikitabaruku kwa Mfalme Charles wa Kwanza, akiufananisha moyo na jua na mfalme na moyo wa dola yake.

Makaribisho hayakuwa ya shangwe. John Aubrey, mwandishi aliyemjua Harvey uzeeni, alisimulia kwamba baada ya kitabu hicho wagonjwa walipungua, kwani watu wa kawaida walimdhania kuwa amerukwa na akili. James Primrose alichapisha kitabu kizima cha kumpinga mwaka 1630. Jean Riolan wa Paris, mmoja wa wanaanatomia mashuhuri wa zama hizo, aling'ang'ania kumnusuru Galen. Mwaka 1636 Harvey aliandamana na ujumbe wa kidiplomasia hadi Ujerumani, akapitia Altdorf kumwonyesha Caspar Hofmann ushahidi wake ana kwa ana. Hofmann hakushawishika. Miongoni mwa lawama zake ilikuwa kwamba Harvey ameuacha upasuaji na kujigeuza mhasibu. Lawama hiyo, kwa kinaya, ndiyo sifa yake kuu machoni pa vizazi vilivyofuata.

Kwa muda mrefu Harvey hakuwajibu wapinzani wake kwa maandishi. Alimjibu Riolan mwaka 1649, miaka 21 baada ya kitabu chake, na kwa lugha ya staha.

Mfalme na Moyo wa Kijana

Harvey alikuwa tabibu wa Mfalme James wa Kwanza tangu mwaka 1618, kisha wa mwanawe Charles. Mwaka 1634 alitakiwa kusimamia ukaguzi wa wanawake wanne wa Lancashire walioshtakiwa kwa uchawi, wakidaiwa kuwa na alama za shetani miilini. Matabibu na wakunga aliowasimamia hawakuona chochote kisicho cha kawaida katika maumbile. Mvulana aliyewashtaki alikuja kukiri kwamba kisa chake kilikuwa cha kubuni. Jicho lililozoea kupima halikukubali kuona kisichokuwepo.

Hata hivyo, hakuna tukio linalougusa moyo wa msomaji kama lile la kijana Hugh Montgomery, mwana wa ukoo wa kikabaila kutoka Ireland. Utotoni alianguka na kuvunjika mbavu za upande wa kushoto. Jeraha lilitunga usaha, likapona, lakini likaacha tundu kubwa kifuani ambalo halikuziba. Alikua, akawa kijana mwenye afya aliyelifunika tundu hilo kwa kipande cha bamba. Mfalme aliposikia habari zake, alimtuma Harvey akamwone. Harvey aliingiza vidole vyake na kugusa nyama iliyodunda ndani. Alitambua kwamba anaushika moyo wa mtu aliye hai, akausikia ukijibana na kulegea sambamba na mpwito wa mkono.

Alimleta kijana huyo kwa mfalme, naye mfalme akaugusa moyo ule. Wote wawili waligundua jambo la ajabu: kijana hakuhisi lolote moyo wake ulipoguswa. Alihisi tu pale ngozi ya nje ilipoguswa. Kiungo ambacho lugha za ulimwengu, Kiswahili kikiwemo, zimekitwika mapenzi, huzuni, ujasiri na majuto hakikuijua hata ncha ya kidole. Harvey hakuona katika hilo sababu ya kuudharau moyo. Katika kitabu chake cha mwaka 1628 aliuita chanzo cha uhai na jua la mwili. Mtu husema moyo unamuuma, na husema kweli, ingawa si kweli ya mpasuaji.

Vita na Hasara

Mwaka 1642 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilizuka kati ya mfalme na Bunge. Harvey, akiwa na umri wa miaka 64, alifuatana na mfalme. Katika mapigano ya Edgehill, mwezi wa Oktoba mwaka huo, alikabidhiwa wana wawili wa mfalme awalinde. Aubrey anasimulia kwamba tabibu aliketi nao chini ya ua wa miti, akatoa kitabu mfukoni na kuanza kusoma, hadi risasi ya mzinga ilipoanguka karibu na kuwalazimu kuhama.

Hasara kubwa zaidi haikutokea vitani. Askari wa Bunge waliyavamia makazi yake katika kasri ya Whitehall, wakapora na kutawanya maandishi yake, yakiwemo yale ya miaka mingi kuhusu uzazi wa wadudu. Samani hununuliwa tena. Uchunguzi wa miaka haununuliki. Miongoni mwa hasara zote za maisha yake, Harvey alikiri kwamba hiyo ndiyo iliyomuuma kuliko nyingine. Aliishi Oxford pamoja na mfalme, na mwaka 1645 akawa mkuu wa chuo cha Merton hadi mji huo uliposalimu amri mwaka uliofuata. Tarehe 30 Januari 1649 Charles alikatwa kichwa. Mfalme aliyefananishwa na moyo wa dola aliondolewa, na dola ikaendelea kuishi.

Uzee na Mwisho

Miaka yake ya mwisho Harvey aliipitisha katika nyumba za wadogo zake, hasa Eliab, ambaye pamoja naye alikunywa kahawa kabla kinywaji hicho hakijawa desturi ya watu wa London. Mkewe alitangulia mbele ya haki. Mwaka 1651, kwa kushawishiwa na rafikiye George Ent, alikubali kuchapisha kitabu kikubwa kuhusu uzazi wa wanyama. Alikipatia Chuo cha Matabibu jengo la maktaba lililofunguliwa mwaka 1654, na alipoombwa kuwa rais wa chuo hicho alikataa kwa sababu ya umri. Jengo hilo liliteketea katika Moto Mkuu wa London wa mwaka 1666.

Alifariki tarehe 3 Juni 1657 akiwa na umri wa miaka 79. Asubuhi hiyo alipatwa na kiharusi kilichomwondolea uwezo wa kusema. Kwa mujibu wa Aubrey, alimwashiria mwuzadawa wake amtoe damu ulimini, lakini haikufaa kitu. Mtu aliyethibitisha kwamba damu huzunguka alikuwa bado anaamini tiba ya kale ya kuipunguza, tiba iliyotokana na mafundisho aliyoyabomoa mwenyewe. Tiba hiyo ilidumu kwa takriban karne mbili baada yake. Alizikwa katika kijiji cha Hempstead, Essex. Mwaka 1883 Chuo cha Matabibu kiliyahamishia mabaki yake ndani ya jeneza la marumaru nyeupe katika kanisa hilohilo.

Lilibaki pengo moja katika duara lake. Harvey alijua kwamba damu hutoka kwenye ateri na kuingia kwenye vena, lakini hakuwahi kuona inavyovuka. Alikisia kwamba zipo njia ndogo ndani ya nyama, akaliacha jambo hapo ambapo macho yake yaliishia. Mwaka 1661, miaka minne baada ya kifo chake, Marcello Malpighi wa Bologna alitazama mapafu ya chura kwa hadubini na kuziona kapilari, mishipa myembamba kuliko unywele, inayoziunganisha ateri na vena. Njia zilikuwepo pale ambapo hesabu ilikuwa imesema lazima ziwepo.

Hitimisho

Methali iliyotangulia haijavunjwa na maisha ya Harvey. Alilisikia la mkuu tena kwa makini kuliko wengi. Alimsoma Galen, akamsikiliza Fabricius, akawataja kwa heshima hadi uzeeni. Alichokataa ni kuyafanya masikio yafanye kazi ya macho. Yeye mwenyewe, aliyempima Galen kwa nusu wakia, hakuwahi kuipima tiba ya kutoa damu, na kwa hilo alibaki mwana wa zama zake. Huo ndio urithi wake kwa wanataaluma wa fani yoyote, wa lugha wasisahaulike: kwamba kila kizazi hupokea kwa walimu wake vijilango vilivyochorwa vizuri, na hubakiwa na kazi ya kuuliza vimeelekea wapi.